Mkono wa Dirisha: Kitu Kidogo Chenye Kazi Kubwa



Katika nyumba zetu za kijijini huwa twatunza mlango kuliko dirisha. Mlango ukiharibika jioni, hatulali mpaka umefungika. Lakini mkono wa dirisha ukivunjika twatafuta kamba, au kijiti, au msumari, tukisema, "Nitatengeneza kesho." Na kesho hiyo haifiki. Leo nataka tuongee habari za mkono huo: jinsi ya kujua ni wa aina gani, jinsi ya kuchagua mwingine dukani, na jinsi ya kuufunga wenyewe bila kuharibu dirisha. Sisemi kama fundi, maana mimi ni karani tu. Nasema kama mtu aliyekosa, kisha akafundishwa.

MSUMARI WA INCHI NNE

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, na madirisha yake ni ya mbao. Kila dirisha lina mbawa mbili, yaani zile sehemu zinazofunguka. Mwaka mmoja wakati wa masika, mbao za dirisha la chumba cha watoto zilivimba kwa unyevu. Nilivuta mkono kwa nguvu ili dirisha lifunguke, nao ukang'oka pamoja na skrubu zake. Usiku ule upepo ulikuwa mkali, basi nikachukua msumari wa inchi nne nikaupigilia ubawa kwenye fremu. Nikamwambia mama watoto, "Jumamosi nitanunua mkono mwingine." Jumamosi ile ikawa miaka miwili.

Watoto watatu walilala katika chumba kile. Asubuhi ukifungua mlango ulipigwa na joto na harufu ya usingizi, nasi tulizoea. Kisha baba yangu mdogo akaja kukaa kwetu, naye alikuwa akikohoa. Akalala pamoja na watoto, kwa kuwa ndicho chumba kilichokuwa na nafasi. Baada ya majuma kadhaa akapimwa katika zahanati, ikaonekana ana kifua kikuu, akaanza dawa. Mama mmoja mhudumu wa afya alikuja nyumbani kuona tunavyoishi na kuwaandika watoto ili wapimwe. Aliingia chumbani, akatazama kitanda, akatazama msumari wangu, akaniuliza neno moja tu: "Karani, dirisha hili hufunguliwa saa ngapi?" Sikuwa na jibu.

Watoto walipimwa wakaonekana wazima, wakapewa dawa za kinga. Baba mdogo alimaliza dawa zake akapona. Sisemi kwamba msumari ule ndio ulioleta ugonjwa. Kifua kikuu huletwa na vijidudu, ambavyo daktari Mjerumani, Robert Koch, alivitangaza mwaka 1882. Lakini vijidudu hivyo humtoka mgonjwa anapokohoa na kukaa hewani, na chumba kisichopitisha hewa huvihifadhi kama chungu kilichofunikwa. Hewa mpya ikipita, huvipunguza na kuvitoa nje. Mwaka 2007 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliopima vyumba vya hospitali huko Lima, nchi ya Peru. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya chumba ilibadilika kiasi cha mara 28 kwa saa moja. Katika vyumba vilivyotegemea mashine za kubadilisha hewa, hesabu ilikuwa mara 12 tu. Dirisha la kawaida liliishinda mashine! Lakini ili lishinde ni lazima lifunguke, na dirisha lisilo na mkono halifunguki. Lililofungwa kwa kamba nalo hufunguliwa mara chache, kwa kuwa hakuna apendaye kufungua mafundo kila asubuhi.

TAZAMA KWANZA KILICHOVUNJA MKONO

Siku iliyofuata niling'oa msumari, nikapanda baiskeli kwenda mjini, nikanunua mkono mzuri wenye kung'aa. Niliporudi nikaona makosa matatu. Mkono ulikuwa wa upande wa kushoto, na ubawa wangu wataka wa kulia. Skrubu zilikuwa ndefu, nikikaza zatokeza upande wa pili wa ubao. Na matundu yake hayakukutana na alama za zamani hata moja. Nikamwendea mzee mmoja jirani yetu, seremala wa siku nyingi. Akautazama mkono akacheka, akasema, "Mwanangu, umenunua kiatu, na mguu umeuacha nyumbani."

Nikamwambia, "Kweli, baba. Basi nifundishe." Alikubali, lakini hakuanza na mkono. Alianza na bawaba. Akasema mkono wa dirisha haufi peke yake, mara nyingi huuawa na kitu kingine. Ubawa ukilegea katika bawaba huinama, ukiinama hukwaruza fremu, ukikwaruza twavuta kwa nguvu, na tukivuta kwa nguvu mkono hung'oka. Ukifunga mkono mpya bila kuponya bawaba, huo nao utang'oka kabla ya masika mengine.

Kupima ni rahisi. Fungua ubawa nusu, shika pembe iliyo mbali na bawaba, uinyanyue juu polepole. Ikicheza, bawaba zimelegea. Kaza skrubu zake. Zikizunguka bila kukaza, matundu yamepanuka, nawe utayaziba kwa namna nitakayoeleza chini. Kama bawaba ni nzima na ubawa bado wakwama, paka chaki ukingoni mwa fremu, funga dirisha, kisha fungua. Pale chaki iliposhika ubawa ndipo panapokwaruza. Hapo paka nta ya mshumaa kwanza. Usikimbilie randa wakati wa mvua, maana mbao zilizovimba zitanywea kiangazi, nawe utabaki na ufa wa kupitisha upepo na nyoka. Ngoja zikauke. Zikikwaruza hata kiangazi, piga randa kidogo tu, kisha paka rangi au mafuta pale ulipopunguza. Mbao isiyopakwa kitu hunywa maji kuliko mbao iliyopakwa.

Dirisha la chuma nalo lina ugonjwa wake. Hukwama kwa kutu katika bawaba, au kwa rangi nyingi zilizopakwa moja juu ya nyingine mpaka ubawa na fremu vikashikana. Kwangua rangi hiyo, tia mafuta ya cherehani katika bawaba, fungua na kufunga mara nyingi mpaka ulainike. Pengine utaona mkono wa zamani ulikuwa mzima, ni bawaba tu zilizotaka mafuta, nawe umeokoa fedha.

JUA DIRISHA LAKO NI LA AINA GANI

Katika vijiji vyetu siku hizi kuna madirisha ya aina nne.

Aina ya kwanza ni ya mbao tupu, kama yangu. Hili lahitaji vitu viwili: komeo la kulifunga, na mkono wa kulivuta. Watu wengi hutumia komeo peke yake na kulivuta dirisha kwa kishikio kidogo cha komeo. Komeo halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Huinama, kisha halirudi tena katika tundu lake. Funga mkono wa kuvuta mbali na komeo, na vyote viwili vitadumu.

Aina ya pili ni dirisha la chuma na vioo. Utaliona katika shule na zahanati nyingi, na katika nyumba zilizojengwa zamani. Kampuni ya Crittall ilianza kutengeneza madirisha ya namna hii mjini Braintree, Uingereza, mwaka 1884, na baadaye mafundi wa kuchomelea katika nchi nyingi wakaiga namna yake. Mkono wake una mdomo unaopita nyuma ya fremu na kuvuta ubawa ubane. Chini ya ubawa huwa na fimbo yenye matundu, ambayo huvikwa kwenye kijiti cha chuma ili dirisha lisipigwe na upepo likiwa wazi. Fimbo hiyo ni ndugu ya mkono. Ikipotea, upepo hupiga ubawa ukutani, kioo hupasuka, na mkono hulegea. Ukinunua kimoja, angalia na cha pili.

Aina ya tatu ni dirisha la alumini au la plastiki, ambalo sasa limefika hata vijijini. Kama ubawa wake hufunguka kwa bawaba, mara nyingi mkono huwa na kijiti cha pembe nne kinachoingia ndani ya ubawa na kusukuma makomeo yaliyofichwa. Kijiti hicho kwa kawaida huwa na unene wa milimita 7, na skrubu mbili za mkono huachana milimita 43 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine. Urefu wa kijiti ndio unaotofautiana. Kikiwa kifupi hakifiki ndani, na kikiwa kirefu mkono haukai sawa juu ya ubawa. Basi upime.

Aina ya nne ni ya vibamba vya vioo vinavyolala na kusimama pamoja. Hapa likivunjika jambo, mara nyingi kilichovunjika ni ule mkono mdogo wa pembeni au chuma kinachounganisha vibamba. Nenda dukani na kipande chenyewe, maana havilingani, na kukisia hapa ni kupoteza nauli.

VIPIMO VYA KUCHUKUA KABLA YA SAFARI

Hapo ndipo kazi yangu ya ukarani ilinifaa. Mzee aliniambia nichukue karatasi, niiweke juu ya mahali pa mkono wa zamani, nisugue kwa ubavu wa penseli. Matundu yote yakatokea katika karatasi, kila moja mahali pake. Karatasi ile ikunjwe mfukoni, na mkono uliovunjika utiwe katika mfuko. Zaidi ya hayo, andika mambo haya matano:

1. Upande. Simama ndani ya chumba, elekeza uso dirishani, uandike bawaba ziko upande gani, kulia au kushoto. Andika pia kama ubawa hufunguka kwenda nje au kuja ndani. Muuzaji akikuuliza, usikisie.

2. Umbali wa matundu, kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine.

3. Unene wa ubawa. Skrubu iwe fupi kuliko unene huo. Ubao wa inchi moja utake skrubu ya robo tatu ya inchi.

4. Kama mkono una mdomo, pima nafasi iliyo kati ya kitako cha mkono na upande wa chini wa mdomo. Mdomo ukiwa chini mno haupiti juu ya fremu. Ukiwa juu mno hupita bila kubana, na dirisha litalia usiku kucha kwa upepo.

5. Nafasi ya vidole. Hili wengi wetu twalisahau. Madirisha yetu mengi yana nondo za kuzuia wezi, na kama ubawa hufunguka nje, mkono hufikiwa kwa kupenya kati ya nondo. Pima kama ngumi ya mtu mzima yapita hapo, na kama vidole havitagonga chuma mkono ukizungushwa.

Dirisha la zamani huwa limepimwa kwa inchi, na vifaa vingi vya sasa hupimwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25 na sehemu kidogo, yaani 25.4. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini katika matundu mawili yaliyoachana inchi tatu yatosha kuzuia skrubu ya pili isiingie. Afadhali upime kwa rula yenye pande zote mbili, uandike vyote viwili.

DUKANI

Usichague kwa kung'aa. Uchukue mkono kiganjani, uuzungushe. Uzunguke kwa uzito kidogo, usichezecheze kama jino bovu. Tazama pale mkono unapoungana na kitako chake, maana ndipo unapovunjikia. Ukiona ufa au tundu dogo katika chuma kilichomiminwa, urudishe.

Watu wengi huuziwa chuma kilichopakwa rangi ya shaba wakidhani ni shaba. Chukua kipande cha sumaku, hata kile cha spika ya redio mbovu. Sumaku ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa juu tu. Chuma hicho si kibaya kwa nyumba ya bara penye hewa kavu, mradi ulipe bei ya chuma wala si bei ya shaba. Lakini wenzetu wa pwani, kama Bagamoyo au Kilwa, wajua jinsi hewa ya chumvi inavyokula chuma. Kwao shaba, au chuma kisichoshika kutu, hulipa gharama yake.

Tena, skrubu zifanane na mkono. Skrubu ya chuma cha kawaida katika mkono wa shaba itashika kutu, na siku ya kuifungua kichwa kitakatika. Katika dirisha la alumini, penye chumvi na unyevu, skrubu ya chuma cha kawaida huila alumini iliyo jirani yake. Kama skrubu hazikuja pamoja na mkono, zinunue hapohapo, uzijaribu katika matundu ya mkono kabla ya kuondoka. Kichwa cha skrubu kiingie katika tundu lake, kisitokeze na kumchana mtu vidole.

KUFUNGA MKONO KATIKA DIRISHA LA MBAO

Vifaa ni vichache: bisibisi, penseli, kisu, kipande cha msasa, gundi ya mbao, kipande cha mshumaa, na kekee ya kutobolea. Kama huna kekee, azima. Seremala mwema hamnyimi jirani anayerudisha.

Kwanza ziba matundu ya zamani. Chonga vijiti vya mbao kavu, vipake gundi, vipigilie taratibu katika matundu, uache vikauke mpaka kesho yake, kisha vikate viwe sawa na ubao. Kujaza njiti za kiberiti bila gundi ni kujidanganya. Siku ya kwanza skrubu hushika, siku ya kumi hutoka.

Pili, funga dirisha kama unavyotaka likae likiwa limefungwa. Weka mkono mahali pake, uuzungushe uone una nafasi, kisha tia alama za matundu kwa penseli. Usiweke mkono ukingoni kabisa mwa ubao, maana ubao hupasuka. Kama dirisha lina vioo, weka komeo mahali ambapo mtu aliyevunja kioo kimoja hawezi kulifikia kwa urahisi.

Tatu, toboa. Tundu liwe jembamba kama kiini cha skrubu, si kama meno yake, ili meno yapate kuuma mbao. Funga uzi mwekundu katika kekee kuonyesha kina, usije ukatokea upande wa pili. Katika mbao laini za msindano, fundi mwenye haraka hutoboa kwa msumari mwembamba. Katika mbao ngumu kama mninga au mkongo, usijaribu. Ubao utapasuka au skrubu itakatika.

Nne, pitisha skrubu katika nta ya mshumaa, kisha ikaze kwa bisibisi inayojaa katika mfuo wa kichwa chake. Anza zote kwanza, ndipo ukaze moja baada ya nyingine. Ukiikaza ya kwanza mpaka mwisho, mkono utavutwa upande mmoja, na ya pili haitaona tundu lake. Kama skrubu ni za shaba, tangulia na skrubu ya chuma ya ukubwa uleule ili ichimbe njia, kisha iondoe utie ya shaba. Shaba ni laini, hukatika upesi ikilazimishwa. Na tafadhali, usipigilie skrubu kwa nyundo. Meno yake hurarua mbao, nayo hushika kama msumari mbovu.

Tano, lipo komeo. Lifunge katika ubawa, paka masizi ya chungu kwenye ncha yake, funga dirisha, lisukume ligonge fremu. Alama nyeusi itakuonyesha mahali hasa pa kutoboa. Tundu likiwa chini, katika kizingiti cha saruji, hujaa maji ya mvua na kuozesha ncha ya chuma. Liwe na njia ya kutolea maji, au tumia komeo la juu peke yake kama latosha.

Mwisho, fungua na ufunge mara kumi. Kisha mwite mtoto wako mkubwa, naye afungue na kufunga. Mkono ambao baba peke yake ndiye anayeuweza haufai.

KUFUNGA KATIKA DIRISHA LA CHUMA

Kama mkono umefungwa kwa skrubu, kazi yote ni kuzifungua za zamani. Zidondoshee mafuta mepesi jioni, uache usiku kucha. Asubuhi zikaze kidogo kwanza kama unayetaka kuzifunga, ndipo uzifungue. Mara nyingi kutu hukatika hapo. Zikikataa, rudia mafuta, usilazimishe. Skrubu ikikatika ndani, mpelekee fundi wa vyuma aitoboe na kukata meno mapya. Mahali palipotoka mkono wa zamani psugue kwa brashi ya nyaya na msasa mpaka chuma kionekane, paka rangi ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo ufunge mkono mpya. Kutu iliyofunikwa haifi, huendelea kula chini kwa chini.

Kama mkono umechomelewa, mwite fundi wa kuchomelea, lakini umwangalie. Cheche za kuchomelea huingia katika kioo na kuacha madoa yasiyofutika. Ondoa kioo, au kifunike kwa ubao na gunia lililoloweshwa. Ondoa mapazia. Watoto wakae mbali, wala wasitazame ule mwanga, maana huumiza macho.

Ukiona mkono mpya haubani sawasawa, usiupige nyundo ili uiname. Mikono mingi humiminwa, na kitu kilichomiminwa hakiinami, huvunjika. Kama mdomo uko chini mno, weka kipande chembamba cha bati chini ya kitako ili mkono unyanyuke. Kama uko juu mno, weka bati hilo katika fremu pale mdomo unaposhika.

KWA ASIYE NA FEDHA

Pengine msomaji atasema, "Karani, duka liko mbali, nami sina kitu mpaka mavuno." Basi sikia. Mkato wa mbao ngumu, urefu wa inchi nne, upana wa inchi moja, uliotobolewa katikati na kufungwa kwa skrubu moja katika fremu, huzunguka na kuzuia ubawa usifunguke. Weka kipande cha bati chenye tundu chini ya kichwa cha skrubu, nao utazunguka miaka mingi. Kwa kuvuta, kata ukanda wa mpira wa tairi kuukuu, ukunje, uukaze kwa skrubu mbili. Mhunzi naye aweza kukunja kipande cha nondo ya milimita 6 kuwa mkono mzuri kuliko mwingine wa dukani. Umaskini si sababu ya kupigilia msumari. Mimi nilikuwa na fedha ya mkono miaka yote miwili. Nilichokosa ni nia.

BAADA YA KUFUNGA

Dirisha likishafunguka, lina taratibu zake. Mbu wa malaria huuma hasa usiku, basi weka wavu dirishani, na watoto walale katika chandarua. Wavu uoshwe, maana ukijaa vumbi na masizi hewa haipiti tena. Katika nchi za baridi, kama Njombe na Makete, si lazima kuacha dirisha wazi lote usiku. Fimbo yenye matundu hukuwezesha kuacha nafasi ya vidole vitatu, na asubuhi ukafungua lote jua liingie.

Tena kuna habari ya moto. Mlango ukishikwa na moto, dirisha ndiyo njia ya pili ya kutokea. Dirisha lililopigiliwa msumari, au lenye nondo zisizofunguka, si njia. Yafaa kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo hata mtoto aweza kulifungua gizani. Kama nondo zake zina kufuli, ufunguo uning'inie karibu, mahali ambapo watu wote wa nyumba wapajua, na mwizi aliye nje hapafikii.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada yake, zunguka nyumba yako na bisibisi na mafuta ya cherehani. Kaza skrubu zilizolegea, tia tone la mafuta katika kila bawaba na kila mkono. Kwa nyumba ya madirisha manne, kazi hiyo haimalizi hata nusu saa. Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa karibu kujenga ukuta huo ndani ya vifua vya watoto wangu.

Msumari ule wa inchi nne ninao bado. Nimeuweka juu ya meza ya kazi yangu, nami huutumia kubana karatasi zisipeperuke, maana siku hizi dirisha la ofisi nalo li wazi.

Basi, akina baba na akina mama, mkimaliza kusoma habari hii ingieni katika chumba wanacholala watoto, mkajaribu kufungua dirisha. Likifunguka, vema. Lisipofunguka, chukueni karatasi na penseli leo hii.